Gi moja, miaka mitatu na ushei: maoni ya fundi cherehani

Gi hii, yaani koti na suruali ya mazoezi ya jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana, nimeivaa miaka mitatu na miezi mitano, siku mbili kila wiki, nikitoa miezi ya Ramadhani na wiki sita nilizokaa nyumbani nikiuguza ubavu. Hesabu yangu inafika zaidi ya mara mia tatu, na mara zote hizo nimeifua kwa mkono na kuianika kwenye kamba ya uani, Magomeni. Chapa yake sitaitaja. Gi za aina hii zinashonwa na viwanda vingi kwa vipimo vinavyokaribiana, nyingi zinatoka Sialkot, Pakistan, mji uleule unaoshona mipira ya miguu, na ukishajua pa kuangalia utachagua nzuri hata kama jina la kifuani ni jingine.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka huu nimetimiza miaka 42. Baba alikuwa akishona kanzu Ngamiani, Tanga, na mimi nilianza kwa kufumua bandi, ile mishono ya kushikiza kwa muda, nikiwa sijafika darasa la tatu. Nguo nazitazama kwa majina aliyonifundisha yeye: badani za mbele na nyuma, taharizi za pembeni, kikwapa cha kwapani, kaba ya shingoni. Nitayatumia humu, maana koti la gi ukilitandaza mezani lina undugu na kanzu kuliko lilivyo na shati.

Jujitsu ya Kibrazili ilinifikia ikiwa ndani ya kiroba. Kijana mmoja wa mtaani alileta gi tatu zimeachia kwapani, akataka ziwe tayari kabla ya Jumamosi. Nilikuwa na miaka 38. Kitambaa kilikuwa kizito kuliko jinzi yoyote niliyowahi kupitisha chini ya sindano yangu, na bado kilikuwa kimepasuka. Nikamuuliza nguo kama hii inachanwa na nini. Akasema, "Mama, njoo Jumamosi uone mwenyewe."

Nilikwenda, nikakaa kwenye benchi saa moja na nusu. Ni ukumbi wa kukodi upande wa Kinondoni, mikeka ya povu chini, feni mbili juu, na watu kumi na wanne hivi. Nilimwona msichana mwembamba amelala chali, na mwanaume mnene amepiga magoti katikati ya miguu yake. Nilidhani atamwomba amwachie. Badala yake alishika pindo la mkono wa koti la yule mwanaume, akalivuta hadi mkono ukanyooka, akaukingia mguu wake upande huohuo ili asipate pa kujiegemeza, kisha akajizungusha. Mwanaume akaenda chini, msichana akawa juu. Maisha yangu yote nimeshika nguo za watu, nimezipima, nimezikata, nimezipiga pasi. Sikuwahi kufikiria kwamba pindo la mkono linaweza kumgeuza mtu wa kilo tisini. Jumatatu nikajiandikisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la nguo, na nalisimulia kwa sababu naona watu wanalirudia kila mwezi. Muuzaji mmoja aliniuzia gi kwa shilingi 65,000, akanihakikishia ni ya judo. Ilikuwa ya karate. Kwa macho ya haraka zinafanana: nyeupe, koti linapishana kifuani, suruali ya kamba. Lakini karate ni mchezo wa kupiga, na nguo yake hushonwa nyepesi ili mkono uende kasi. Haikutengenezwa ivutwe. Darasa la pili mshono wa bega uliachia, darasa la nne badani ya kushoto ikachanika kutoka kwapani hadi pindoni, nami nikamaliza somo nimejifunga kanga. Ukiwa dukani jaribu hivi: kunja kitambaa cha koti kwa vidole viwili. Kikikunjika kama shuka, kirudishe. Kitambaa cha gi ya kukamatana kinakataa kukunjika, na ukipitisha kucha juu yake unasikia vinundu.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi cha fundi. Nikasema nitashona yangu. Nilizunguka Kariakoo siku mbili nikitafuta kitambaa chenye vinundu vile, sikukipata. Nikachukua driili nzito, nikaifanya mara mbili, nikaipiga mistari ya mshono kila nusu inchi kama inavyofanywa kwenye godoro la mtoto. Sindano namba 18, uzi wa jinzi, kikwapa kipana kuliko cha kanzu ya mtu mzima. Ilikuwa nguo nzuri kuitazama. Ilidumu miezi mitano.

Ilipopasuka nilikaa nayo mezani jioni nzima nikitafuta sababu, na jibu lilikuwa kwenye ufumaji. Driili imefumwa bapa, nyuzi zimebanana, haina pa kunyooka. Ukiivuta ghafla nguvu yote inakimbilia kwenye mshono. Kitambaa cha gi kina nyuzi nene zinazopita juu ya nyingine na kutengeneza vile vinundu. Ukivitazama unaona punje za mchele, na upo ufumaji unaoitwa hivyo. Mkono wa mtu ukivuta, vinundu vinanyooka kidogo kwanza, vinakula ile ghafla, ndipo mshono unapata zamu yake. Siwezi kukifuma kitambaa hicho kwa cherehani, hata ningekuwa fundi mara mbili ya nilivyo. Nikaweka akiba.

Gi ninayoizungumzia leo ilinifikia kwa shilingi 310,000, usafiri na ushuru ndani yake. Ufumaji wake unaitwa lulu: vinundu upande wa nje, laini upande wa ngozi. Uzito ulioandikwa ni gramu 450 kwa mita ya mraba. Badani ya nyuma ni kipande kimoja, haina mshono katikati ya mgongo, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Ukiwa umelala chali dakika tano na mtu yuko juu yako, mshono wa mgongoni unageuka kamba juu ya mfupa. Pia ndipo gi za bei rahisi zinapoanza kuachia.

Kikwapa kimewekwa kipande cha ziada na kushonwa mistari minne. Nilihesabu mishono nane kwa inchi, imenyooka, uzi ni wa poliesta, na kila kona imekazwa kwa mshono mfupi wa kwenda na kurudi. Mpaka leo kikwapa hakijafumuka hata uzi mmoja. Pande mbili za chini, pale koti linapopasuliwa kwenye taharizi, nako kumekazwa vizuri.

Kaba ndiyo fahari ya nguo hii. Ndani yake kuna mpira mwepesi wa povu badala ya pamba, umefunikwa na kitambaa cha driili chenye mistari sita ya mshono. Kaba ya pamba inalowa jasho, na kwa hewa ya Dar haikauki. Kesho yake unaivaa ikiwa na harufu ya bwawa. Hii inakauka. Unene wake unakaribia sentimita 1.3, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na upana ni sentimita 5. Waamuzi wao wana kifaa cha kupimia. Unene huo una maana: kaba nene inajaza kiganja cha mpinzani, vidole vyake vinachoka mapema.

Mtu wa Pwani haoni ajabu kwamba neno kaba na neno kabali yanasikika kama ndugu. Kabali tunaijua wote. Mjini wanaiita roba, na ina sifa mbaya ya alfajiri na mikoba. Niliyofundishwa hapa ni nyingine kabisa. Unaingiza vidole vinne ndani ya kaba ya mpinzani, nyuma kabisa ya shingo. Mkono wa pili unaingia upande wa pili, viwiko vinashushwa chini, kifua kinasogezwa. Huvuti kwa nguvu. Kaba yenyewe inabana mishipa miwili ya damu ya shingoni, kushoto na kulia, koo likabaki wazi. Ikikaa sawasawa mtu anagonga ndani ya sekunde chache, na asipogonga anazimia. Kugonga ni kupiga mkeka au mwili wa mwenzako kwa kiganja, na yeye anaachia palepale. Katika muda wote huu sijaona mtu aliyegongewa akachelewa kuachia kwa makusudi. Kocha angemtoa siku hiyohiyo.

Miezi minane ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikigonga. Wasichana wa miaka kumi na tisa wanakuja kwangu wanainamisha kichwa, "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu." Tunagonganisha viganja, raundi inaanza, na baada ya nusu dakika nimekaliwa kifuani. Raundi ikiisha wananishika mkono kunisimamisha, wananionesha wapi nilikosea. Heshima haikupungua hata siku moja, na wala hawakunihurumia. Nilivipenda vyote viwili kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Gi ikivaliwa muda mrefu inaandika, na fundi anasoma.

Mwaka wa kwanza koti langu lilichakaa mgongoni, juu ya bega la kulia, na nyuma ya kaba. Suruali ilichakaa makalioni na juu ya visigino. Nikiitandaza mezani naiona siku yangu: nimelala chali, nimebanwa ubavuni, najaribu kujisukuma kwa visigino, kichwa kimekandamizwa upande mmoja. Vinundu vya lulu upande ule vilikuwa vimelala kabisa, vimekuwa bapa kama vimepigwa pasi ya mkaa. Magoti yalikuwa mapya. Ungeniuliza kama nimeendelea ningesema sijui, maana kila siku nilipigwa na watu walewale. Wao nao walikuwa wakiendelea, sasa ningejuaje?

Mwaka wa pili uchakavu ulihama. Ulitoka mgongoni ukaenda ubavuni, kiunoni, kwenye taharizi za kulia na kushoto. Nilikuwa nimejifunza kutolala bapa. Ukibanwa unageuka ubavu, unaingiza kiwiko na goti kati yako na mpinzani, unavuta nyonga nyuma. Zoezi hilo tunaliita kutoroka kwa nyonga, na kila darasa linaanza hivyo, urefu wa ukumbi kwenda na kurudi. Niliona aibu kwa miezi jinsi nilivyokuwa mzito kwenye zoezi hilo. Siku niliyoona weupe mpya wa kitambaa umetokea ubavuni ndipo nilipoamini kwamba kitu kimeingia mwilini.

Mkanda wa bluu nilifungwa baada ya miaka miwili na miezi minne. Mikanda ya watu wazima hadi mweusi ni mitano: mweupe, bluu, zambarau, kahawia, mweusi, na katikati kuna vipande vya plasta, hadi vinne, vinavyozungushwa kwenye ncha nyeusi ya mkanda. Kwa kanuni za IBJJF kuna muda wa chini wa kukaa: miaka miwili kwenye bluu, mwaka mmoja na nusu kwenye zambarau, mwaka mmoja kwenye kahawia. Huo ni wa chini tu. Watu wengi huchukua miaka kumi hivi, au zaidi, kuufikia mweusi, na anayeanza akiwa na kazi na watoto kama mimi asitegemee pungufu. Mimi nitakuwa na miaka karibu hamsini. Baba alinikabidhi kukata shingo ya kanzu nilipokuwa na miaka kumi na saba, baada ya miaka tisa ya bandi na pasi, na sikuona kwamba alinichelewesha.

Mwaka wa tatu, Oktoba, nilikuwa nafua, nikaona goti la kushoto limeanza kuonesha nyuzi. Niliacha kufua. Goti linachakaa kwa mtu aliye juu. Linachakaa unapopiga magoti ndani ya gadi ya mtu, yaani amekufungia miguu kiunoni naye yuko chali, ukasimamisha mgongo, ukafungua miguu yake, ukavuka. Linachakaa unapomwekea mtu goti tumboni. Katika mashindano kumwangusha mtu ni pointi 2, kuvuka miguu yake 3, kumkalia kifuani au kumshika mgongoni 4, na karibu njia zote hizo zinapita juu ya goti lako. Nilimwonesha kocha darasa lililofuata. Akalitazama lile goti, akanitazama, akasema, "Haya. Umeamka." Akaenda kuwapanga watu kwa raundi ya kwanza.

Naomba anayenunua gi alielewe hili kabla ya kulalamika kwamba suruali imechakaa magotini. Ya kwangu ina magoti ya kitambaa maradufu hadi katikati ya ugoko, na yamefanya kazi yake vizuri. Tafuta suruali ambayo kipande hicho kinashuka chini ya goti angalau shibiri moja. Kikiishia gotini mshono wa chini unakaa palepale unapoegemea, na utakwisha mapema.

Mikono ya koti ni habari nyingine, na hapa nisimame kidogo, maana vidole ndiyo riziki yangu. Mwanzoni nilishika kila kitu kwa nguvu zangu zote. Pindo, kaba, goti la suruali, nikishika siachii. Mwezi wangu wa sita wa mazoezi kiungo cha kidole cha kati, mkono wa kulia, kilivimba, na kwa siku tisa sikuweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nilikuwa na oda ya sare za harusi. Binti yangu alinipitishia uzi jioni zote zile, nami nilifikiria kuacha. Wiki hiyohiyo, katika raundi moja, nilikuwa nimeng'ang'ania mkono wa koti la dada mmoja, yeye akajizungusha, mimi sikuachia. Mshono wa bega lake ukafumuka wote. Nilimshonea bila malipo. Nilipokuwa nakaza ule mshono niliona umepasuka wapi: mahali pale nilipokuwa nimeshika bila kuvuta wala kusukuma, nimeshika kwa woga tu.

Kocha wangu ni mtu aliyeanzia judo, ana umri wa kunizidi. Aliniambia, "Fundi, mkasi ukishakata unaufungua. Shika unapotaka kumpeleka mtu mahali. Akishakwenda, achia ushike pengine." Akanifundisha kushika kwa vidole vinne vilivyokunjwa kama ndoano, dole gumba likiwa limelala pamoja navyo, kiganja kikiwa kimelegea. Nguvu inatoka mgongoni na kwenye nyonga. Sasa naviringisha plasta ya michezo kwenye viungo viwili kabla ya darasa, na kidole kile hakijanisumbua tena. Mishono ya mikono ya gi yangu iko salama. Kwenye mapindo uzi wa nje umeanza kulika, na huo ni mkono wa wenzangu, wala si kosa la kiwanda.

Urefu wa mkono uangalie sana. Ukiunyoosha mkono mbele, pindo lisiwe zaidi ya sentimita 5 kutoka kwenye kifundo, ndivyo kanuni inavyotaka. Zamani haikuwa hivyo. Picha za mwanzo za Kodokan, shule ya judo aliyoianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, zinaonesha makoti ya mikono mifupi na suruali zinazoishia juu ya magoti. Yakarefushwa mwanzoni mwa karne iliyofuata. Nikiwa fundi nilielewa mara moja: ukiongeza mkono wa koti umempa mwenzako kishikio, na mchezo wote unabadilika. Mchezo wetu huu wa Brazil umetoka hukohuko, kwa mtu wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, aliyefika Brazil mwaka 1914. Andrew Thomas Mlugu alipoiwakilisha Tanzania kwenye judo ya Olimpiki ya Paris 2024 tuliangalia kwenye simu ya kocha, watu saba tumebanana, na macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya makoti tu, nani ameshika nini na kwa muda gani.

Niliulizwa kama gi ya judo inafaa. Inafaa kwa kuanzia, na mara nyingi ni rahisi kuipata. Koti lake ni refu zaidi na mikono ni mipana, kwa hiyo unampa mpinzani kitambaa kingi cha kushika, na ni zito kwa joto letu. Lakini halitachanika. Kati ya gi ya judo iliyotumika na ya karate iliyo mpya, chukua iliyotumika.

Kusinyaa. Nilipima kwa futi kabla ya kufua na baada ya kila mfuo, kwa mifuo mitano ya mwanzo. Mkono ulipungua sentimita 2.5, mguu wa suruali 3, kifua 2. Baada ya hapo haikusogea tena. Nimeifua kwa maji baridi siku zote. Mwenzangu aliyefua ya kwake kwa maji ya moto ilimpanda mpaka juu ya kifundo, akamwachia mdogo wake. Jiki usiiweke hata tone: inakula pamba, na kaba inaanza kupasuka kwenye mikunjo. Harufu ikikaa, loweka nusu saa kwenye maji yenye kikombe cha siki, kisha sabuni ya kawaida, suuza mara tatu, geuza ndani nje, anika kwenye upepo.

Na ifue usiku uleule. Narudia kwa sababu hili ni jambo la afya za watu. Choa kinapenda jasho na kitambaa kilicholala ndani ya begi. Mwaka juzi mtu mmoja alikuja nacho mkononi akakifunika kwa nguo, tukakipata watano. Kocha sasa anatukagua mikono na shingo, mwenye baka haingii mpaka lipone, na mikeka inapigwa deki yenye dawa kabla na baada. Kucha fupi, miguu imenawa, viatu mwisho mlangoni.

Lawama yangu kubwa kwa gi hii ni uzito wake kwa mji huu. Kavu ina kilo 1.7. Baada ya darasa, nikishaikamua, inakaribia 3. Januari inakauka kwa alasiri moja. Masika inachukua siku mbili, na mara nyingi nimeivaa bado ina unyevu kwenye kaba na kiunoni, jambo nisilolipenda. Ningenunua leo ningechukua ya gramu 350 kwa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, na ya 450 ningemwachia mtu wa Arusha au Mbeya. Ya pili ni kamba ya suruali: ya kwangu ilikuja ya pamba bapa, ikilowa haifunguki. Niliitoa nikaweka ya mviringo yenye kunyumbuka kidogo, kazi ya dakika kumi. Ya tatu ni nembo iliyoshonwa ndani ya mgongo, inakwangua ngozi. Niliifumua siku ya kwanza.

Kwa akina mama na akina dada, kwa sababu mnaniuliza dukani kuliko mnavyouliza pengine. Ndani navaa fulana ya kubana ya mikono mirefu na taitsi, kwa hiyo koti likifunguka, na litafunguka, hakuna kinachoonekana. Ushungi wa michezo wa kuvutwa kichwani, bila pini hata moja. Niliposema sitapigana raundi na wanaume, kocha alikubali bila swali, akanipanga na wanawake, tulikuwa watatu. Baada ya mwaka nilichagua mwenyewe kuanza na wanaume wawili ninaowaamini. Mwingine hatachagua hivyo, na nafasi yake ipo. Klabu ikikulazimisha kwenye jambo hili tafuta nyingine. Gi za kike zina kiuno kilichoingia na nyonga iliyopanuka, na hiyo si urembo: niliyoshona kwa kipimo cha kiume ilikuwa inanibana nyongani kila nilipojaribu kufunga gadi. Mimi nina sentimita 163 na kilo 68, nimechukua saizi F2, na baada ya kusinyaa imenikaa sawasawa. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa.

Ukiniuliza kama shilingi 310,000 zilikwenda sawa, ndiyo. Kwa kila mara niliyoivaa ni chini ya shilingi 1,050, na bado ipo. Juzi kwenye raundi ya mwisho nilimgongesha kwa kaba yule kijana aliyeniletea kiroba, mkono wa kulia ndani, wa kushoto juu ya bega lake, viwiko chini, na nilisikia kiganja chake mgongoni kwangu kabla sijamaliza kukaza. Tulishikana mikono. Ana mkanda wa zambarau sasa, na amenipiga mara nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu.

Goti la kushoto nililitia kiraka jana usiku, cha tatu. Kitambaa nilikikata kwenye badani ya ile gi niliyoshona mwenyewe. Driili ile mara mbili, yenye mistari ya nusu inchi, kwa magoti inafaa kabisa.